JP wa Australia na karatasi inayovuka mpaka

Kabla hujaenda maktaba kumtafuta JP (Justice of the Peace, mtu aliyeteuliwa kushuhudia saini na kuthibitisha nakala), soma kichwa cha karatasi uliyonayo. Imetolewa chini ya sheria ya jimbo gani, na itatumika wapi? Hapo ndipo utajua nani anaruhusiwa kukushuhudia, kwa sababu Australia haina JP wa taifa zima. Kila jimbo huteua wake, na mamlaka yake hutokana na sheria za jimbo hilo.

Karatasi za serikali ya shirikisho ndizo nyepesi. Tamko la kisheria, yaani maelezo ya maandishi unayotangaza kuwa ni kweli, chini ya Sheria ya Matamko ya Kisheria ya 1959 hushuhudiwa na JP wa jimbo lolote. Hati ya kiapo ya mahakama za shirikisho, mfano ya ombi la talaka, nayo haina shida: kifungu cha 186 cha Sheria ya Ushahidi ya 1995 kinamtaja JP pamoja na wakili na notari, yaani mwanasheria aliyeidhinishwa kuthibitisha hati, hasa za kutumika nje ya nchi.

Ugumu uko kwenye hati za majimbo, na mbaya kuliko zote ni hati ya uwakilishi, ya kumpa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, inayoendelea kuwa na nguvu hata mwenyewe akipoteza uwezo wa kuamua. Queensland, JP anaishuhudia. New South Wales, hana mamlaka hayo. Anatakiwa wakili, msajili wa mahakama au mwingine aliyetajwa na sheria. Familia inayohama kutoka Brisbane, Queensland, kwenda Sydney, New South Wales, hudhani utaratibu ni uleule na kumpelekea JP hati ya huko. Kasoro hiyo huonekana pale mzee ameshapata kiharusi, benki inaikataa hati, naye hawezi tena kusaini nyingine. Kama una mzazi anayezeeka, shughulikia hili akiwa bado na akili timamu.

Mbele ya JP wa New South Wales, usisaini kabla hujafika. Lazima akuone uso, na awe amekujua kwa angalau miezi 12 au aone kitambulisho chako. Ndivyo Sheria ya Viapo ya 1900 inavyotaka. Nafasi zilizobaki tupu zipigwe mstari. Neno lililofutwa liwekwe herufi za kwanza za majina na nyote wawili. Viambatisho viwekwe alama na saini ya JP. Kisha hakikisha ameandika jina, namba yake ya usajili, tarehe na mahali, kwani hati nyingi hurudishwa kwa kukosa namba tu.

Kwa nakala, peleka cheti chenyewe. Nakala ya nakala haithibitishwi. Cheti cha kuzaliwa cha Kongo, kilichoandikwa Kifaransa, JP anaweza kukilinganisha na fotokopi yake, lakini anathibitisha kwamba zinafanana tu. Tafsiri ni kazi ya mfasiri mwenye kibali cha NAATI, chombo cha Australia kinachoidhinisha wafasiri.

Sasa karatasi inayorudi nyumbani, nchi uliyotoka, labda idhini ya kumruhusu ndugu auze kiwanja. Usiende nayo kwa JP. Wizara ya mambo ya nje ya Australia, DFAT, haiweki apostili, yaani cheti cha kuthibitisha saini na muhuri kwa matumizi ya nchi nyingine, juu ya saini ya JP. Inataka saini ya notari wa umma ambayo inayo kwenye kumbukumbu zake. Kwa hiyo unaanza kwa notari, unakwenda DFAT, kisha njia inagawanyika. Burundi na Rwanda zimo katika Mkataba wa Apostili, kwa hiyo apostili inatosha. Kwa nchi isiyomo, DFAT huthibitisha saini ya notari, halafu hati hupelekwa ubalozi wa nchi hiyo nao ugonge muhuri.

Hatua hizo hazirukwi. Ubalozi ukipelekewa karatasi isiyopita DFAT, huirudisha. Muulize kwanza msajili wa ardhi wa kule anataka maneno gani na lugha gani, ndipo umlipe notari: JP wa New South Wales haruhusiwi kutoza hata senti, lakini notari hulipwa, na hati ikikataliwa utalipa upya.