Masikio ya Msichana wa Kondoa

Darasa letu la kidato cha pili lilikuwa na kabila karibu kila dawati. Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni, katika shule ya kutwa pale Dodoma mjini. Tangu serikali ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie huku, familia za watumishi zilikuwa zikija kidogo kidogo kutoka Dar es Salaam, Tanga na Moshi. Wengine walishuka na mabegi yao kwenye treni ya Reli ya Kati. Wengine waliletwa na basi la Kondoa, vumbi jekundu limejaa mpaka kwenye vioo, maana barabara ile ilikuwa bado ya udongo. Sisi Wagogo tulikuwa wenyeji, lakini darasani wenyeji hawakuwa na heshima ya pekee. Heshima walipewa watoto wa Dar, kwa sababu Kiswahili chao kilifanana na cha redioni.

Mlangoni mwa ofisi ya walimu kulibandikwa karatasi iliyosema kwamba asiyezungumza Kiingereza hahudumiwi. Nimewahi kuona wenzangu wakiumwa kichwa na kurudi kulala juu ya dawati bila ruhusa, kwa kukosa sentensi moja tu ya kuombea. Hilo linaniuma mpaka leo, maana tulitoka shule za msingi ambako masomo yote yalikuwa kwa Kiswahili, na ghafla tukatakiwa tuwe na ulimi mwingine.

Yaliyonifanya niandike yalianza na mvulana mmoja wa Mvumi. Aliitwa asome aya ya kitabu, habari ya mkulima aliyeuza mchele. Neno «rice» likamtoka «lice», yaani mkulima kauza chawa. Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mtoto mmoja wa Dar akasimama kabisa kutufafanulia biashara hiyo ya chawa, kicheko kikaanza upya. Yule wa Mvumi akaketi kabla ya kumaliza aya, na kwa siku nyingi hakunyosha mkono.

Mimi nilijua lilikotoka lile l. Bibi yangu alikuwa Mwanglikana wa huko huko Mvumi, na katika sala zake za Kigogo Kristo alikuwa Kilisito. Kigogo kina l, hakina r. Mtu aliyekulia kijijini, akakutana na Kiswahili shuleni, hizo mbili kwake ni sauti moja. Mimi nilizaliwa Majengo, karibu na soko, nikaanza lugha zote mbili pamoja, ndiyo maana r haikunipa taabu.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, tuliyemwita Madamu, hakugomba siku ile. Alisubiri. Ijumaa moja, kwenye vipindi viwili vilivyofuatana baada ya mapumziko, aliingia na karatasi tupu akamgawia kila mtu moja.

«Leo hamsomi,» alisema. «Leo mnasikia.»

Aliandika ubaoni maneno mawili mawili, la kwanza na la pili: «rice» na «lice», «ship» na «sheep», «bit» na «beat», «full» na «fool», «hat» na «hut». Akaenda kusimama nyuma ya darasa, akatuagiza tutazame mbele ili tusiuone mdomo wake. Alikuwa anasoma neno moja tu katika kila jozi, nasi tunaandika kama ni la kwanza au la pili. Alirudia jozi zile mara kadhaa, akichanganya. Tulipomaliza tukabadilishana karatasi na wenzetu wa dawati ili tusahihishe.

Jirani yangu alikuwa msichana Mrangi, ametoka Kondoa na anakaa kwa shangazi yake Makole. Alikuwa mkimya, na wenzetu hawakumjali sana. Nikaanza kusahihisha. «Ship» na «sheep» kapata, tena kila mara ziliposomwa. «Bit» na «beat» kapata. «Full» na «fool» kapata zote. Karatasi yangu aliyokuwa nayo yeye ilikuwa imejaa makosa hapo hapo.

«Nani amepata jozi ya pili bila kukosa hata mara moja?» Madamu akauliza.

Mkono ulionyooka ulikuwa wangu, kwa niaba yake. Madamu akaja mpaka dawatini kwetu, akageuka kutupa mgongo, akasoma upya kwa mpangilio mwingine. Msichana akajibu kwa sauti ya chini: ya pili, ya pili, ya kwanza, ya pili. Yote sahihi.

«Umejifunza wapi haya, mwanangu?»

«Sijajifunza, Madamu. Hata nyumbani zipo mbili.»

Madamu alifurahi waziwazi. Akachora ubaoni irabu tano za Kiswahili, halafu pembeni akachora saba. Kirangi kina irabu saba, alisema, na ndani yake mna i mbili na u mbili. Ile ya «sheep» inataka ulimi upande juu mbele na midomo ivutwe pembeni; ile ya «ship» ulimi unashuka kidogo na kulegea. Sikio la Kiswahili linazipokea zote kama i, kwa sababu halijawahi kuhitaji kuzitenga. Sikio la Kirangi lilizitenga tangu utotoni, kabla mtoto hajaona kitabu chochote cha Kiingereza.

Yule wa Dar alibisha. Alisema Madamu anasoma neno lile lile. Akaomba asomewe tena, akasomewa, akakosa. Aliomba mara nyingine akakosa tena, na safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu karibu darasa zima lilikuwa limekosa pamoja naye.

Inabidi niseme pia kwamba «hat» na «hut» zilimshinda hata yule Mrangi. Kirangi nacho kina a moja, kama Kiswahili. Na kwenye «rice» na «lice» watoto wa mjini walipata karibu zote, wa Mvumi akakosa. Kila lugha ya nyumbani ilikuwa imemfungulia mtoto milango yake na kumfungia mingine, na kwa mara ya kwanza sote tuliona hilo kwenye karatasi zenye alama nyekundu.

Hapo wachache wakaanza kumpigia kelele mvulana Msandawe wa Kwa Mtoro atoe vile vidoko vya kwao, sauti za kugonga ulimi kinywani. Alikataa kwa kutikisa kichwa. Madamu akawanyamazisha kwa ukali ambao sikuwa nimeuona kwake: «Msimtake mwenzenu aitoe lugha ya mama yake kama ngoma ya kumkaribisha mgeni rasmi.» Nilimpenda sana kwa maneno hayo.

Kisha akafuta ubao, akaandika neno moja: «colonel». Akamwita yule wa Mvumi alisome. Akasita, akasema «koloneli». Madamu akauliza nani anasoma vingine. Sote tukasema «koloneli». Akatutamkia. Pale tulipoiona l ya kwanza, Mmarekani anatamka r iliyo wazi, na Mwingereza wa London anaimeza hiyo r na kubaki na irabu ndefu. Hakuna kati yao anayetamka l hiyo.

Historia yake niliisoma baadaye, na bado inanisisimua. Waitaliano walisema «colonnello». Wafaransa walipolichukua, l mbili ziliwasumbua, ya kwanza wakaigeuza r. Waingereza katika karne ya 16 wakalipokea hivyo, na r yake. Halafu waandishi wakairudisha l ya Kitaliano kwenye maandishi, midomo ikabaki na r. Kwa hiyo wenye lugha yao wenyewe waliziacha r na l zipishane katika neno moja, wakaliweka kwenye kamusi, na mwanafunzi anayesoma herufi kama zilivyo ndiye anayeambiwa kakosea. Kiswahili kilimaliza shida hiyo kwa kusema kanali.

Madamu alipitia mengine haraka. Katika «debt» b haitamkwi; wasomi waliichomeka ili neno lifanane na Kilatini. Katika «receipt» p ni hivyo hivyo. «Vegetable» na «comfortable» sisi tunazikazia mwishoni, silabi ya pili kutoka nyuma, kwa sababu Kiswahili kinakaza hapo, wakati Mwingereza anakaza ile ya mwanzo kabisa na zinazofuata anazibana. Akasema pia kwamba Mskoti anaitetemesha r ambayo mtu wa London haitamki kabisa, na wote wawili wamezaliwa na lugha hiyo. Hata sisi, alisema, Unguja wanakwenda skuli, na bara tunakwenda shule kwa neno tulilorithi kwa Wajerumani.

Nimefundisha miaka mingi sasa, na nasema bila woga kwamba mwalimu wa Kiingereza asiyeuliza watoto wake wanazungumza nini nyumbani anafanya kazi gizani. Kumcheka mtoto kwa l yake kunamwondolea maneno. Baada ya kile kicheko, yule wa Mvumi alikuwa akitafuta visawe ili aikwepe r: aliacha «road» akasema «way», aliacha «reply» akasema «answer». Nilikuwa namsikia. Baada ya Ijumaa ile Madamu alikaa naye mara nyingi jioni, akimwonyesha mahali pa kuweka ncha ya ulimi, wala hakumwambia kwamba Kigogo chake kina kasoro. R yake ilikuja polepole, na siku nyingine haikuja, lakini alirudi kunyosha mkono.

Na dawati letu likapata wageni. Kila mapumziko walikuja wavulana wa mjini, wakampigia msichana wa Kondoa foleni. Yeye aliwageuza watazame ukutani, akawasomea, nao wakahesabu vidoleni waliyopata. Alikuwa mkali kuliko Madamu. Mpaka tunafunga muhula, yule aliyebisha alikuwa anapata «full» na «fool» mara nyingi kuliko anavyokosa. «Ship» na «sheep» zilimgomea, na hakuacha kuja.