Siku moja wodini, simu mfukoni (Tanga)

Saa 10 na dakika 50 alfajiri alamu inalia na mkono unajua simu ilipo kabla macho hayajafunguka. Nakaa Makorora, nje bado kiza, adhana haijaadhiniwa, nikasema naizima alamu tu niamke nikaoge, loh, kidole kikapitiliza. Grupu la wodi meseji 46, la kikoba 112 (kuna mtu hajaweka hisa na watu washaanza mafumbo), grupu la tuliosoma wote chuo wanatumiana picha za harusi ya mtu ambaye hata mimi hakunialika. Nakuja kushtuka saa 12 kasorobo, maji sijachota, mtoto wa shule hajaamshwa, sala nikaiswali mbiombio.

Saa 1 kasoro nipo juu ya baiskeli. Wa Tanga mwenzangu unajua, hapa baiskeli sio umaskini ni usafiri, wadada na mabaibui yao wanakanyaga pedeli kama kawaida. Hizi dakika 25 za njiani ndo pekee kwa siku nzima simu inatetemeka mkobani na mi siigusi, maana mikono yote miwili ipo kwenye usukani na bajaji za hapa hazina huruma.

Saa 1 na nusu tunakabidhiana zamu. Mi ni nesi wodi ya wanawake, hospitali siitaji maana nataka mshahara wa mwezi huu. Wa naiti anasoma ripoti kitanda kwa kitanda, sisi tumesimama na simu mkononi kila mtu, na nitawatetea kidogo hapa, wengine wanaandika kwelikweli maana daftari la wodi liliisha mwezi uliopita. Hii ndo shida ya kuzungumzia simu za manesi, mtu akikuona umeinama na skrini hajui unapiga hesabu ya dozi au unaangalia stetasi ya shoga yako. Na wewe mwenyewe mara nyingi umeanza na la kwanza ukaishia kwenye la pili.

Saa 2 na nusu wanafunzi 6 wa diploma wanachukua vipimo, presha, joto, mapigo, kupumua. Nikapitia chati. Wagonjwa 24, wote wanapumua mara 20 kwa dakika, wazee kwa vijana, anayeumwa kifua na anayesubiri ruhusa ya kwenda nyumbani. Nikacheka afu nikanuna. Ndo ugonjwa wa siku zote huu, hata enzi zetu tulikuwa tunaandika 20 maana mtu mzima wa kawaida ni 12 mpaka 20 kwaiyo ukiandika 20 hakuna atakayekuuliza. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na zile saa za kubandika kifuani, hawa wanahesabia simu. Nikamwita mmoja, mtoto mzuri tu ana adabu zake, nikamwambia hesabu mbele yangu. Akafungua saa ya simu, akaanza, sekunde ya 15 meseji ikashuka juu ya skrini, macho yakaenda, yakarudi, midomo inahesabu lakini hesabu yenyewe ishapotea. Akaniambia, "Sista, ishirini." Nikasimama na yeye kwenye kitanda cha bibi mmoja wa Pangani tukahesabu dakika nzima kwa macho tu kifua kinavyopanda. Thelathini na mbili.

Hapo mambo yakaenda haraka, tukamkalisha, oksijeni, nikampigia daktari kwa vocha yangu mwenyewe maana simu ya mezani wodini ni pambo tangu nianze kazi. Daktari akaja. Bibi akatulia. Mwanafunzi nikamsema mpaka machozi yakamlenga, nikamwambia simu ikae kwenye begi mpaka saa 9. Nilijiona mwalimu kweli siku hiyo, subirini.

Saa 5 dripu ya bibi. Lita 1 kwa masaa 8, mpira wa kutoa matone 20 kwa mililita (mil) 1, nikatoa simu nipige hesabu. Inchaji wetu, msimamizi wa wodi, mama wa zamani amebakiza kidogo kustaafu, akapita nyuma yangu akasema "arobaini na mbili" hata hajasimama. Ujanja wake ni mil za saa moja unagawa kwa 3, basi, 125 kwa 3. Mi najua hiyo njia, nilifundishwa, ila siiamini tena mpaka kikokotoo kiseme. Na kwa kuwa simu ishatoka mfukoni, nikaona nicheki mara moja tu ule ugomvi wa kikoba umefikia wapi.

Saa 6 na nusu nasikia, "Mwanangu, huyo wa kwenye simu naye kalazwa?" Ni bibi. Dripu ya antibayotiki ya kitanda cha pili yake imeisha, damu imepanda kwenye mpira, na mimi nipo mita mbili pale nimeegemea toroli. Nikasema "nisamehe bibi" nikaenda kuisafisha kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa, bahati haikuziba. Yule mwanafunzi alikuwa anafunga kidonda kitanda cha mbele. Aliona. Hakusema neno na ningependa angesema.

Saa 7 na nusu chumba cha chai, mihogo ya kukaanga na pilipili. Wanafunzi wana dodoso la kazi yao ya chuo kuhusu hofu ya kukosa simu, wazungu wanaita nomofobia. Maswali 20, yalitungwa Iowa kule Marekani yakatoka 2015, unajipa 1 mpaka 7 kila swali, yanapima mambo manne, kukosa mawasiliano, kujiona umekatika na watu, kukosa taarifa na kukosa urahisi. Ukipata 60 mpaka 99 uko katikati, 100 kwenda juu hali mbaya. Mimi 97. Mwenzangu wa zamu 108 akaomba arudie. Inchaji akasema hajazi upuuzi, huku simu yake ndogo ya tochi imemkaa shingoni na kamba.

Ila nikawaambia wale watoto, dodoso lenu zuri lakini haliulizi nani anataka niwe hewani. Ratiba ya zamu inabandikwa wasapu. Vifaa vikiisha tunaulizana wasapu. Umeme ukikatika wakati unatafuta mshipa tochi ni simu. Bando nanunua mimi, chaji yangu, vocha yangu, afu kikao cha wafanyakazi tunaambiwa manesi wamezidi simu. Yote mawili ni kweli, ndo maana inauma. Na usafi je, zile nyakati 5 za kunawa mikono za Shirika la Afya Duniani zimebandikwa ukutani, hakuna wa sita unaosema baada ya kushika simu, na simu hiyohiyo jioni mtoto wangu anachezea gemu huku anakula. Siku hizi naipangusa na pamba ya spiriti nikikumbuka.

Saa 9 na nusu kukabidhi. Bibi anapumua 24, nimehesabu mwenyewe nikimtazama kifua. Mwanafunzi nikamwambia simu toa kwenye begi, na kuhusu ile dripu nikamwambia ulichokiona ndo kilichotokea. Akasema "sawa sista."

Jioni sina la kusimulia sana, nikapitia Ngamiani kununua mikate ya mofa, samaki, madaftari ya mtoto, umeme wa Luku (kwa simu, bila shaka).

Saa 3 usiku nikajitia ushujaa. Simu nikaichomeka chaji jikoni nikafunga mlango wa chumba. Nusu saa ya kwanza mkono unapapasa kitandani kama unatafuta mtoto, hata sauti ya mtetemo niliisikia mara mbili na haikuwepo. Afu nikalala, nikalala vizuri sijui tangu lini.

Naandika hii saa 1 kasorobo ya siku ya pili. Jogoo wa jirani ndo kaniamsha maana alamu imelia jikoni peke yake. Nimeoga, nimevaa gauni, nimepiga pasi, baiskeli nimeitoa nje, ndo nikashika simu. Meseji ya saa 4 na dakika 17 usiku, grupu la wodi, ratiba imebadilishwa. Leo mimi naingia naiti.