Kushtuka kwa Kiingereza na Kislovenia

Ukifasiri kati ya Kiingereza na Kislovenia, usiyachanganye maneno ya kushtuka na ya kuogopa. Startle ni ule mruko wa mwili mlango ukibamizwa ghafla, hata kama hofu haipo. Kislovenia kinao neno lake: zdrzniti se. Wengi hukimbilia prestrašiti, ambalo limebeba hofu ndani yake. Hilo linafaa zaidi kwa frighten na scare.

Kinachowaponza wanafunzi ni kile kineno se. Prestrašiti ni kumtisha mtu. Prestrašiti se ni wewe kutishika. Sisi tunabadilisha mwisho wa kitenzi tu, shtua na shtuka, wao wanaongeza se. Ukiisahau, umegeuka mtishaji.

Hofu ya ghafla nayo si sawa na hofu ya kudumu. Ustrašil sem se psa: nilimwogopa mbwa palepale alipotokea. Bojim se psa: namwogopa mbwa, leo na kesho. Mbwa ni pes, ila vitenzi hivi viwili vinadai psa. Mwanamke atasema ustrašila. (Herufi š isome sh, č isome ch.)

Surprise ni rahisi: presenetiti, na aliyeshangazwa ni presenečen, au presenečena akiwa mwanamke. Usijaribu kulibandika se hapa, sema presenečen sem. Astonish ina uzito zaidi, mtu kupigwa na butwaa; hapo tumia osupniti, na aliyeduwaa ni osupel.