Mkufu wa Baht Mbili

Dada alipiga simu saa saba mchana kwa saa za huku, saa tatu asubuhi kwa saa za Songea. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 22 Oktoba 2016, siku ambayo mtaa wa mawe ya thamani wa Chanthaburi, huku Thailand, hufurika watu. Mke wangu alikuwa mezani kwake, taa imewashwa, anachambua kwa kibano mzigo wa safaya za manjano ambao dalali alikuwa amemmwagia kwenye karatasi nyeupe. Mimi nilikaa nyuma yake kama mgeni. Viza niliyokuwa nayo haikuwa kibali cha kazi, na sikutaka kuonekana hata nimeshika kibano.

"Mdogo wangu," dada alisema, "mama ameanguka kisimani. Paja limevunjika."

Walikuwa wameshamfikisha hospitali. Madaktari walitaka kumwekea chuma, na ukijumlisha gari lililomtoa kijijini, damu, vifaa na kitanda, hesabu ilikaribia milioni mbili na nusu. Kisha akauliza swali nililolitarajia tangu neno la kwanza.

"Ile pesa ya kiwanja si bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo yote, imelala benki, mwendo wa dakika kumi kutoka pale nilipokaa.

Niseme pesa ile ilikuwa inafanya nini. Mwanaume wa kigeni aliyeoa Thailand, akitaka kuongezewa mwaka mmoja wa kukaa na mkewe, anatakiwa aonyeshe kipato cha baht 40,000 kwa mwezi, au akiba ya baht 400,000 kwenye benki ya huku, kwa jina lake, iliyokaa miezi miwili kabla ya siku ya kuomba bila kushuka chini ya hapo. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mthailandi haulizwi akiba hiyo. Sheria inamwona mume ndiye mlishaji, na kwa hilo sikuwa na ugomvi nayo, maana hata kwetu mkwe huulizwa atamlisha mtoto wa watu kwa nini. Kipato cha kila mwezi sikuwa nacho. Niliuza kiwanja changu cha Songea, nikaongeza akiba ya miaka niliyokuwa nikileta mawe kutoka Tunduru, na tarehe 5 Septemba nikaweka benki baht 403,000, karibu milioni 25 za kwetu. Zile elfu tatu za juu nilizitia makusudi, makato ya benki yasije yakaila laki nne. Kadi ya kutolea pesa niliikataa. Nilichukua kitabu tu.

Nilikuwa nimeingia tarehe 20 Agosti kwa viza ya siku 90 niliyoifuata ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 17 Novemba. Pesa ingetimiza miezi miwili tarehe 5 Novemba, kwa hiyo nilikuwa na kijidirisha cha siku kama kumi na mbili cha kupeleka maombi. Kutoa hata elfu kumi kabla ya hapo kungevunja hesabu nzima, na miezi miwili mingine ya kuanza upya sikuwa nayo. Ningelazimika kutoka nchini na kurudi Nairobi kuomba tena, kwa nauli ambayo nayo ingetoka kwenye pesa hiyohiyo.

Yote hayo nilijaribu kumweleza dada kwa simu, katikati ya soko. Alinisikiliza. Halafu akasema taratibu, bila kunigombeza, "Sasa nimwambie mama nini?"

Mtaa mzima siku ile ulikuwa mweusi. Mfalme Bhumibol alikuwa amefariki siku tisa kabla, tarehe 13, na watu walikuwa wakivaa nyeusi hadi madukani zikaadimika. Mama mkwe, ambaye namwita Mae kama anavyoitwa na watoto wake, alikuwa amechemsha sufuria la rangi uani na kuchovya humo blauzi zake zote na mashati yangu mawili. Nilipokata simu vidole vyangu vilikuwa bado na weusi kwenye kucha. Mke wangu alifunga ule mzigo wa safaya, akamrudishia dalali bila kutaja bei, akazima taa ya meza.

Usiku nilimwambia kwamba nitakwenda kutoa pesa. Si kesho wala kesho kutwa: tarehe 23 ni siku ya Mfalme Chulalongkorn, na kwa kuwa iliangukia Jumapili, Jumatatu nayo ilikuwa mapumziko. Benki ingefunguliwa Jumanne. Nilimwambia viza hutafutwa tena, mama hatafutwi tena. Hakunijibu. Alikaa akiusokota mkufu wake kwenye kidole, kama afanyavyo akiwa anahesabu kichwani karati, uzito wa mawe, ambazo tano ni gramu moja.

Mkufu huo ndio niliouleta siku ya posa. Nilimfahamu mke wangu kupitia kanisani. Wazee wake ni Wakatoliki wa asili ya Vietnam, wale walioishi vizazi kwa vizazi ng'ambo ya mto, kwenye kanisa kuu lenye sanamu ya Bikira Maria iliyopambwa kwa mawe ya thamani, na mimi ni Mngoni niliyebatizwa siku chache baada ya kuzaliwa. Kuhusu mimi Mae hakuuliza mengi. Alishawaona Watanzania wenye mawe, kama mimi nilivyowaona Wathailandi nikiwa kijana Tunduru miaka ya 1990, walipokuja kununua safaya na kutufundisha neno la kwanza la Kithai, phloi, jiwe la thamani. Alitaka mahari ya heshima tu: bahasha, na dhahabu ya baht mbili. Huku dhahabu hupimwa kwa baht vilevile, na baht moja ya mkufu ni gramu 15 na pointi. Mke wangu hakuuvua tangu siku hiyo, hata akioga.

Jumapili baada ya misa alinishika mkono tukavuka daraja la waenda kwa miguu. Nilidhani tunakwenda kununua chakula. Aliniingiza kwenye duka la dhahabu, yale yenye kuta nyekundu na mikufu iliyotundikwa hadi juu, akapeleka mikono kisogoni na kufungua kishikizo.

Nilimkamata mkono. Mbele ya yule mzee wa duka nilimwambia kwa Kiswahili, lugha ambayo alikuwa anajua maneno machache tu, "Usifanye hivyo." Akanijibu kwa Kithai, polepole ili nielewe, "Phi, hii ni yangu. Ulinipa." Phi ni kaka, ndivyo mke anavyomwita mumewe huku.

Yule mzee aliuweka mkufu kwenye mizani, akasugua kipande kidogo kwenye jiwe jeusi, akadondosha dawa, akatazama rangi. Ilikuwa gramu 30 na ushei. Alihesabu noti za elfu mojamoja juu ya kioo, karibu baht elfu 40, akazihesabu tena akimwangalia mke wangu usoni. Mke wangu alikuwa amevaa blauzi nyeusi ya shingo wazi, na pale ulipokuwa mkufu palikuwa na mstari mwembamba mweupe ambao jua la soko halikuwahi kuufikia.

Nilimtafuta dalali mmoja kutoka Arusha aliyekuwa amepanga chumba karibu na soko. Akapokea baht, akampigia mdogo wake, na mdogo wake akamtumia dada kwa simu, kwa awamu, mpaka ikatimia. Jumatano mama aliwekewa chuma. Dada aliniandikia, "Mungu akubariki wewe na kiwanja chako." Sikumsahihisha siku ile, na najua nilikosea, kwa sababu ilichukua muda mrefu kabla mama hajajua shukrani zake alitakiwa azipeleke kwa nani.

Kilichofuata kilikuwa karatasi. Cheti cha ndoa na nakala mpya ya rejista yake kutoka wilayani, kitabu cha bluu cha nyumba ya Mae ambamo mke wangu ameandikwa, kitambulisho chake, pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa, ramani ya kufika nyumbani tuliyoichora kwa mkono tukiweka kanisa, mto na duka la tambi. Kila nakala tulitia saini. Na picha. Uhamiaji walitaka picha zetu wawili mbele ya nyumba, namba ya mlango ionekane, picha za sebuleni, na za chumbani.

Hiyo ya chumbani ilinisumbua kuliko laki nne. Kwetu hata kaka yako wa tumbo moja haingii kutazama kitanda chako na mkeo. Mdogo wake mke wangu alisimama mlangoni na simu yake, kijana wa miaka kumi na tisa, naye akiona haya, akatuambia tukae ukingoni mwa kitanda. Tulikaa. Wote tumevaa nyeusi, mikono magotini, kama watu wanaosubiri majibu ya daktari. Picha hiyo ninayo mpaka leo. Ukiitazama vizuri unauona ule mstari mweupe shingoni mwake.

Jumatatu tarehe 7 Novemba tulikwenda uhamiaji. Asubuhi ileile benki ilinipa barua ya kuthibitisha akiba na kunichapia kitabu upya. Afisa alipitisha kidole kwenye safu ya tarehe, akahesabu miezi kwa kunong'ona, akafika kwenye 403,000 na kuinua macho kunitazama mara moja. Nililipa baht 1,900 nikagongewa muhuri wa kusubiri. Mwaka wenyewe ungetolewa, kama ungetolewa, katikati ya Desemba, baada ya wao kujiridhisha kwamba ndoa ni ndoa.

Walikuja nyumbani mwisho wa Novemba, maafisa wawili, kila mmoja na utepe mweusi mkononi. Walianza kwa jirani anayeuza tambi za sen chan, zile ambazo jina lake limetokana na mji huu. Huyo alikuwa shahidi wetu. Niliwasikia wakimuuliza kama huyu Mwafrika analala hapa, naye akawajibu kwamba ndiye anayemsaidia kubeba mtungi wa gesi kila ukiisha.

Kisha wakaingia ndani. Mae aliwapa maji. Yule mkubwa alifungua faili akalinganisha picha na nyumba, akaenda mpaka chumbani, akarudi. Akatoa picha ya siku ya posa, ile ambayo Mae mwenyewe anamvalisha binti yake mkufu, akamtazama mke wangu, akaitazama tena picha.

"Pa," alimwambia Mae kwa adabu, kama unavyomwambia mama mkubwa wa mtu, "dhahabu aliyoleta mkweo iko wapi?"

Moyo wangu ulisimama. Hatukuwa tumemwambia Mae. Mke wangu alikuwa amevaa blauzi za shingo ndefu mbele ya Mae mwezi mzima, na mimi niliamini kwamba mama yake hajagundua. Nilijua pia swali linaelekea wapi: mahari iliyorudishwa ni ndoa ya kukodi.

Mae aliweka chini kitambaa alichokuwa anafutia jiwe.

"Imekwenda kwa mama yake," alisema. "Alivunjika mguu."

"Lakini ana laki nne benki."

"Hizo mmesema zisiguswe," Mae alijibu. "Hakuzigusa. Binti yangu ndiye aliyegusa zake."

Afisa hakuuliza kitu kingine. Aliandika kwa muda mrefu, mistari mingi kuliko majibu aliyopewa, akampa Mae asome na kutia saini. Walipoondoka nilikaa sakafuni mbele ya Mae nikaweka viganja pamoja kumwomba radhi, kama nilivyofundishwa hapa. Alinishika kichwa. Akaniuliza kama mama ameanza kukanyaga.

Muhuri wa mwaka niliupata katikati ya Desemba: hadi 17 Novemba 2017, ukihesabiwa kutoka pale siku 90 zilipoishia. Nilikuwa na mwaka, na nilikuwa na kazi ya kuripoti anwani kila siku 90. Palepale uhamiaji mke wangu alinikumbusha kitu ambacho wengi wamekisahau kikaigharimu ndoa yao mwaka mzima wa usumbufu: ukitoka nchini bila kibali cha kurudi, muda wote uliopewa unakufa uwanjani. Nililipa baht 1,000 ya kurudi mara moja, kwa ajili ya safari ya kwenda kumwona mama.

Kutoka hapo nilikwenda benki peke yangu, nikatoa pesa kwa mara ya kwanza. Mkufu wenyewe haukuwepo tena dukani. Mzee alisema umeshayeyushwa. Akanitolea mwingine wa mchoro uleule, pingili zilizosokotwa. Dhahabu ilikuwa imeshuka kidogo tangu Oktoba.

Nilipofika nyumbani Mae alikuwa kwenye kinu chake cha kusugulia mawe. Niliuweka mkufu mbele yake kabla ya kumpa mke wangu, kwa sababu ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza. Alifuta mikono, akavuta mizani yake ndogo ya karati, akaukunja mkufu juu ya sahani kama nyoka aliyelala. Alisubiri namba zitulie.

"Mia na hamsini na moja, nukta sita," alisema kwa sauti, akaingia ndani kumwita binti yake.