Nilivyowatazama kasa bila kuwagusa

Kituo cha kwanza cha kutunza kasa nilichokipata kilinivuta kwa picha zake: wageni wamebeba kasa mikononi, wanatabasamu. Nusura nilipie. Ila kabla ya kutuma pesa niliwaandikia maswali matatu. Kasa hawa wametoka wapi? Wanarudi baharini lini? Je, mgeni anaruhusiwa kuwashika? Swali la tatu walilijibu kwa furaha na kwa kirefu. Mengine mawili, kimya. Nikaachana nao.

Kituo cha pili walinijibu kwa mistari miwili tu: hawashikishi mtu kasa, na kila anayepona anarudishwa baharini. Hao ndio niliowaendea.

Humo ndani nilikuta kasa mmoja anaelea, kichwa chini, nyuma juu. Hewa ilikuwa imejaa mwilini mwake, hawezi kuzama kutafuta chakula. Walikuwa wamembandika vipande vidogo vya uzito juu ya gamba ili akae sawa. Kila alipotoa pua nje nilimsikia akipumua, pumzi nzito kama ya mtu aliyetua mzigo. Nilisimama pale muda mrefu.

Niliuliza mbona hawana beseni la vifaranga vya kuwaonyesha wageni. Mhudumu akanieleza kwamba kifaranga huanguliwa akiwa na akiba ya kiini cha yai, na akiba hiyo ndiyo ya kumfikisha kina kirefu. Ukimweka kwenye beseni siku kadhaa, anapiga mbizi za bure mpaka nguvu zinaisha, halafu ndiyo unamwachia baharini.

Usiku tulikaa wachache kando ya kiota, simu zimezimwa, maana vifaranga hufuata upande wenye mwanga. Pasipo na taa, huo huwa ni upande wa bahari. Taa moja ya hotelini yatosha kuwapoteza. Mchanga ukadidimia kidogo, kikachomoza kichwa kimoja, kisha wakafurika kwa makumi, kila mmoja hazidi kiganja.

Mmoja akatumbukia shimoni. Akapanda, akaporomoka, akapanda tena. Nikatazama vizuri: shimo lile ni unyayo wangu, niliukanyaga jioni nilipokuwa nazunguka ufukweni. Nikainama nimtoe. Mhudumu akanishika mkono. "Mwache, atatoka."

Alitoka. Kwangu zilikuwa dakika ndefu mno, na muda wote huo kaa walikuwa wakipitapita karibu yake.

Asubuhi muuza vikumbusho alinionyesha bangili ya gamba la ng'amba, aina mojawapo ya kasa. Nilikataa, nikamwambia kwamba biashara ya kimataifa ya magamba hayo imekatazwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini. Jioni nikarudi ufukweni kabla giza halijaingia, nikaanza kusawazisha mchanga kwa miguu na mikono, nyayo zangu kwanza, kisha mashimo waliyochimba watoto waliokuwa wakicheza. Watu wawili waliniuliza natafuta nini. Nilipowaeleza, wakainama tukasaidiana.