Nilivyochagua kabureta ya injini ya 2F ya Land Cruiser

Injini ni 2F ya FJ40, ile Land Cruiser ya zamani, silinda sita, cc 4,230. Kabureta yake, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ni ya kampuni ya Aisin; nilikuwa nimeshaibadilishia gasketi zote, na bado ikikataa kutulia. Nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye ncha za ule mhimili unaobeba vipepeo, yaani visahani vinavyofungua na kufunga njia ya hewa, injini ikiwa inawaka. Mlio ukabadilika papo hapo. Chuma kilikuwa kimelika, hewa inapenya pembeni. Ugonjwa huo gasketi mpya haiutibu.

Wengi hukimbilia kabureta ya matundu manne ya kupitishia hewa ili gari lipate nguvu. Pigeni hesabu kwanza. Injini ya aina hii huvuta nusu ya ujazo wake kila mzunguko mmoja: lita 4.23 gawa kwa 2, zidisha kwa mizunguko 3,600 kwa dakika, unapata kama lita 7,600 za hewa kwa dakika. Silinda hazijai kabisa, kwa hiyo chukua asilimia 80: lita 6,100 hivi. Kabureta ya CFM 600 (futi za ujazo za hewa kwa dakika) hupitisha karibu lita 17,000. Kwenye koo pana namna hiyo hewa hupita polepole, haina nguvu ya kunyonya petroli, na ukikanyaga mafuta ghafla gari linazubaa. Weber 32/36 ya matundu mawili ingetosha, ila inataka adapta, waya wa eksileta upangwe upya, na presha ya petroli isizidi psi (pauni kwa inchi ya mraba) 3 hadi 3.5, la sivyo inafurika.

Nikachukua mpya ya muundo uleule wa Aisin. Tundu la pili hufunguka mzigo ukizidi tu, na bolti zake nne zinakaa palepale.

Kabla ya kuifunga niliweka tapeti, yaani nafasi za vali, injini ikiwa ya moto, 0.20 mm upande wa kuingiza na 0.35 mm upande wa kutolea moshi, kisha taimingi ya cheche digrii 7 kabla pistoni haijafika juu. Kile kipande cha kuzuia joto chini ya kabureta kikiwa na ufa, tupa. Nati nilikaza kwa kupishana, kidogo kidogo, maana ukimaliza upande mmoja kwanza kitako kinapinda na hewa inaanza kuvuja upya.

Injini ikiwaka kwa kukanyaga mafuta tu na kuzima ukiachia, angalia ile solenoidi, vali ndogo ya umeme ya kukata petroli kwenye kabureta. Washa swichi, gusisha waya wake: lazima isikike “tik”. Petroli isimame kwenye mstari wa kile kioo kidogo cha kabureta. Mwisho, mguu ukiwa nje ya eksileta, nilipandisha mzunguko wa injini hadi 690 kwa dakika, nikakaza skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka ukashuka 650.