Fainali ya Cork ya Mwaka 2022

Nilipohamia Cork, kusini mwa Ayalandi, nilipata nyumba ya kupanga mtaa wa Togher, yaliko makao ya klabu ya St Finbarr's. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1876, miaka minane kabla ya Chama cha Michezo ya Kigaeli kuundwa mjini Thurles, nayo hushiriki michezo yote miwili mikubwa ya nchi ile. Wa kwanza ni halingi, ambapo wachezaji 15 kila upande hupiga mpira mdogo wa ngozi kwa fimbo za mbao zilizopanuka mwishoni; wa pili ni kandanda ya Kigaeli, ambayo mpira wake hudakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu.

Mwezi wa Oktoba 2022, mzee mmoja jirani yangu alinichukua kwenda uwanja wa Páirc Uí Chaoimh kutazama fainali ya halingi ya jimbo la Cork, St Finbarr's dhidi ya Blackrock. Njiani alinieleza kwa nini siku ile ilikuwa nzito. Kati ya mwaka 1972 na 1979, vilabu vitatu vya mji huo mmoja, yaani Blackrock, Glen Rovers na St Finbarr's, vilitwaa ubingwa wa vilabu wa Ayalandi nzima mara saba. St Finbarr's ilishinda mwaka 1975 na 1978, kisha ikageukia kandanda na kushinda mwaka 1980, 1981 na 1987, na hakuna klabu nyingine iliyowahi kuwa bingwa wa taifa katika michezo yote miwili. Lakini ubingwa wa halingi wa jimbo lenyewe haukuwa umerudi Togher tangu mwaka 1993, na vijana waliokuwa wakiingia uwanjani siku ile wengi wao walikuwa hawajazaliwa.

Mimi nimekulia katika ushabiki wa Simba na Yanga, ambako mchezaji husajiliwa kwa fedha na msimu ujao aweza kuvaa jezi ya mahasimu. Kwa hiyo kilichonigusa zaidi kuliko mataji ni kwamba wachezaji wale hawalipwi mshahara, na kwa kawaida mtu huichezea klabu ya alikozaliwa mpaka anapostaafu. Kocha alikuwa Ger Cunningham, kipa mashuhuri wa zamani wa Cork, na mwanawe Ben alikuwa miongoni mwa washambuliaji. Pamoja naye alikuwapo Brian Hayes, ambaye huichezea klabu hiyo hiyo kandanda, na kwa kandanda St Finbarr's ilikuwa imetwaa ubingwa wa jimbo mwaka uliotangulia.

Mchezo ulikwenda kasi kiasi kwamba mara nyingi nilisikia mlio wa fimbo kabla sijaona mpira ulikoelekea. Bao huhesabiwa pointi tatu, na mpira unaopita juu ya mwamba, katikati ya nguzo, huhesabiwa pointi moja. St Finbarr's ilimaliza na mabao mawili na pointi 14, Blackrock bao moja na pointi saba, yaani 20 kwa 10. Kipenga cha mwisho kilipolia, mzee alisimama, akavua kofia, akashindwa kusema. Baadaye tulipokuwa tukitoka alinionyesha wanaume wa makamo waliokuwa wakikumbatiana huku wakilia, akaniambia kuwa hao walicheza mwaka 1993. Niliwatazama kwa heshima kubwa, kwa kuwa nilielewa wamengoja muda gani.

Msimu uliofuata mwanangu alijiunga na kundi la watoto la klabu. Mzee ndiye aliyemchagulia fimbo: alizisimamisha kadhaa, moja baada ya nyingine, kando ya mguu wa mtoto, akazirudisha zilizozidi, akabaki na ile iliyofika usawa wa nyonga.